Wiki Nne London na Pesa ya Matumizi

Tikiti ya ndege ina bei yake, ukishailipa imekwisha. Viza ina ada, bima ina ada. Pesa ya matumizi ndiyo haijaandikwa bei popote, na ndiyo inayowarudisha watu nyumbani na madeni. Anayekwenda wiki moja anaweza kukosea hesabu akavumilia mpaka siku ya kurudi. Anayekwenda wiki nne hana nafasi hiyo. Akikosea wiki ya kwanza, tatu zilizobaki atazimalizia sebuleni kwa mwenyeji wake, anatazama runinga na kungojea siku ya ndege.

Nimeichagua London kwa sababu wengi wetu tuna ndugu kule, na mwenye ndugu ndiye anayeweza kukaa wiki nne. Asiye na ndugu hukaa hotelini siku chache akarudi. Mengi nitakayosema yatamfaa hata anayekwenda Toronto au Muscat, ila bei na taratibu nitakazotaja ni za Uingereza, na nauli ni za mwaka 2025.

Jambo lenyewe ni hili: pesa ya mgeni wetu haimalizwi na mji, inamalizwa na watu. Kwanza ni mwenyeji anayempokea, kisha ni wale waliobaki nyumbani wakingoja zawadi. Vitabu vya watalii vina mistari ya hoteli, chakula, usafiri na viingilio. Mstari wa mwenyeji haumo, wa zawadi haumo. Kwetu mistari hiyo miwili inaweza kuchukua theluthi ya pesa yote, na mtu asipoiandika mapema itajiandika yenyewe wiki ya mwisho, wakati mfuko umekwisha kuwa mwepesi.

Kazi ianze na fomu ya viza, maana Waingereza wenyewe wanakulazimisha upange kabla hujapanda ndege. Fomu ya viza ya matembezi inauliza unapata kiasi gani, unatumia kiasi gani kwa mwezi, safari itakugharimu kiasi gani, na kama yupo mtu mwingine atakayebeba sehemu ya gharama. Wengi hujaza tarakimu yoyote inayopendeza. Kisha, siku chache kabla ya kupeleka maombi, wanakopa milioni kadhaa kwa rafiki na kuziingiza benki ili taarifa ya akaunti inone. Afisa anayesoma taarifa ile anaona pesa nyingi iliyoingia juzi bila maelezo, na watu wamenyimwa viza kwa hilo. Hata aliyepewa anabaki na tatizo jingine: ameanza kuihesabu pesa ya mkopo kama ya kwake. Weka pesa ya safari mapema, kidogo kidogo, kwenye akaunti ileile unayopokelea mshahara au mapato ya biashara, na tarakimu utakayoandika kwenye fomu iwe ni ile uliyoipigia hesabu kweli.

Kabla ya kununua pauni hata moja, tenga shilingi za nyumbani. Wiki nne karibu kila mara zitavuka mwisho wa mwezi. Kuna kodi ya nyumba, mshahara wa dada wa kazi na wa mlinzi, umeme wa LUKU, maji, dawa za mama, ada, na mchango wa harusi uliokwisha kuahidi. Usipovitengea utavilipia kutoka London, kwa pesa uliyokwisha kuigeuza pauni, na kuirudisha kuwa shilingi ni kupata hasara mara mbili: ulipoteza kidogo ulipobadilisha kwenda, unapoteza tena kurudi. Jiandae pia na maombi mapya. Mtu akijulikana yuko Ulaya, watu huamini amefika penye pesa, na ujumbe wa kuomba msaada huongezeka siku zilezile ambazo wewe huna kipato cha ziada hata senti. Hakuna ubaya kumwambia mtu mapema na kwa upole kwamba upo safarini, na kwamba suala lake mtalizungumza ukirudi.

Sasa tupige hesabu. Tuchukue mtu mmoja anayefikia kwa ndugu, amekwisha kulipa tikiti, viza na bima, na mkononi ana pauni 1,200. Tukikadiria pauni moja kwa shilingi 3,300 za Tanzania, hizo ni shilingi 3,960,000. Aliye Kenya akikadiria shilingi 170 kwa pauni, ni shilingi 204,000. Wewe weka kiwango cha siku utakayobadilisha.

Wengi huchukua 1,200 wakaigawa kwa siku 28, wakapata pauni 42 na ushei kwa siku, wakaona mambo ni mazuri. Hesabu hiyo ndiyo inayowaangusha. Toa kwanza pauni 200 za dharura, ambazo ukijaliwa utarudi nazo. Toa 250 za zawadi. Toa 150 za mwenyeji. Zimebaki 600. Ndani ya hizo toa 160 za safari moja au mbili za nje ya mji, tuseme kwenda kumwona binamu Leicester au rafiki Manchester, pamoja na kiingilio cha mahali pamoja au pawili unapopatamani kweli. Zimebaki 440. Gawa hizo kwa 28: ni pauni 15 na peni 70 hivi. Hiyo ndiyo pesa yako ya siku. Kati ya 42 uliyodhani unayo na 15 uliyo nayo kweli ndipo watu wanapopotelea.

Usivunjike moyo, kwa sababu siku hazilingani. Katika wiki nne kwa ndugu zipo siku nyingi za kukaa nyumbani. Mvua inanyesha, mwenyeji yupo kazini, umechoka, au mnapika pamoja mkaongea mpaka usiku. Tuseme siku kumi ni za namna hiyo, na kila moja unatumia pauni tatu tu. Siku 18 zinazobaki zinapata karibu pauni 23 kila moja, na kwa pauni 23 mtu anatembea London vizuri. Siri ni kuzikubali siku za nyumbani tangu mwanzo na kuziandika kwenye mpango. Anayetaka kutoka kila siku kwa sababu amelipa tikiti ghali huchoka, na huishiwa.

Pesa ya siku igawe kwa wiki, si kwa safari nzima. Kwa mfano wetu ni pauni 110 kila Jumatatu. Nimeitaja Jumatatu kwa makusudi, kwa kuwa hata mfumo wa nauli za London unahesabu wiki yake kuanzia Jumatatu hadi Jumapili. Kilichobaki Jumapili kinaingia wiki inayofuata. Kilichopungua hakikopwi kwenye zawadi wala kwenye dharura, kinafidiwa kwa siku za nyumbani. Wiki ya kwanza ndiyo ya kuibana zaidi. Hujajua bei, kila mtu anataka kukuona, na kila duka linaonekana lina kitu ambacho nyumbani hakipo. Jiwekee sharti: wiki ya kwanza hakuna kununua zawadi wala nguo, isipokuwa koti kama umefika kwenye baridi bila koti.

Nije kwa mwenyeji, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa nimeona undugu ukiharibika kwa jambo hili.

Tunapomfikia ndugu tunasema malazi ni bure. Kwetu sisi ni bure, kwake siyo. Umeme na gesi ya kupasha nyumba joto hulipwa kwa kipimo, na mtu mmoja zaidi anayeoga maji ya moto kila siku na kuwasha joto mchana, wakati wenye nyumba wapo kazini, anaonekana kwenye bili. Wengi wa ndugu zetu kule wanafanya kazi za zamu, hospitalini, kwenye nyumba za kutunzia wazee, maghalani, na wengine wanalipwa kwa saa. Siku aliyoacha zamu ili akupeleke mjini, amelipa kwa mshahara wake. Akikuendesha kwa gari kuna mafuta, kuna maegesho, kuna ada ya siku ya gari kuingia katikati ya London, iliyokuwa pauni 15 mwaka 2025, na hata kumshusha abiria mlangoni mwa majengo ya Heathrow kuna ada. Hatakwambia. Atatabasamu na kusema karibu sana.

Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. London jembe ni jikoni, ni vyombo, ni kuwapokea watoto shuleni kama wenyewe wameridhia, na ni kapu la chakula. Zile pauni 150 nimeziweka kwa ajili ya kapu hilo. Usimpe kaka yako bahasha, atakataa, na mkianza kuvutana kila mmoja ataona haya. Nenda dukani siku ya pili au ya tatu, ukiwa na wifi yako au peke yako, ujaze jikoni: mchele, mafuta, kuku, samaki, mboga, sabuni, maziwa ya watoto. Rudia kila wiki. Mchele uliokwisha kuingia kabatini haukataliwi. Na siku mkitoka kula nje pamoja, mara moja tu katika wiki zote nne, lipa wewe kwa familia yote. Hiyo pia iingie ndani ya zile 150.

Kabla hujaondoka, mpigie umuulize mambo matatu kwa uwazi: zamu zake zikoje, utalala wapi, na kuna kitu gani cha nyumbani anachokitamani. Korosho, kahawa, majani ya chai, viungo na khanga ni vyepesi na vinapendwa. Ila nyama, hata iliyokaushwa, maziwa, jibini na samli haviruhusiwi kuingia Uingereza kutoka kwetu. Vitachukuliwa uwanjani, na pesa uliyovinunulia imekwenda.

Na kama ndugu mwenyewe yupo katika kipindi kigumu, likizo yako ya wiki nne ifanye wiki mbili. Ni afadhali kukaa muda mfupi ukaagwa kwa machozi.

Zawadi ni mlima mwingine. Andika majina kabla hujaondoka, yote, kwenye karatasi moja, na mbele ya kila jina weka kiasi. Kwa pauni 250 unaweza kuwawekea wazazi wawili pauni 35 kila mmoja na watu wengine 18 pauni kumi kumi. Ukimaliza kuandika, orodha imefungwa. Atakayeongezwa apate kwa kupunguza kwingine.

Tofautisha zawadi na agizo. Zawadi unachagua wewe, kwa uwezo wako. Agizo ni la mwenye kuagiza, na mwenye kuagiza hutoa pesa kabla. Shemeji anayekuomba simu ya aina fulani akisema "nitakulipa ukirudi" anakuomba umkopeshe pesa ya likizo yako ukiwa ugenini. Jibu lake lipo, na halina dharau: "Shemeji, zawadi yako nitakuja nayo. Ile simu, nipe pesa kabla sijaondoka nami nitaitafuta kwa moyo mmoja." Wengi hapo hapo huachana na agizo lao, na hakuna aliyekosana na mwingine.

Mahali pa kununua zawadi ni swali la kilo pia. Sehemu ya mitumba inayouzwa Karume, Dar es Salaam, na Gikomba, Nairobi, hutoka katika makusanyo ya nguo huko huko Uingereza. Usibebe kwa ndege sketi ambayo nyumbani utaipata kwa bei ya chini kuliko gharama ya kilo iliyozidi. Chagua vitu vidogo vyenye thamani: manukato, saa ya mkono, miwani ya kusomea, kalamu nzuri, kitabu, skafu. Kwa nguo mpya za watoto watu wengi huenda Primark. Kwa vitu vilivyotumika lakini vizuri, ingia kwenye maduka ya hisani kama Oxfam, Barnardo's na British Heart Foundation, hasa yaliyo kwenye mitaa ya wenye uwezo kama Kensington, Chelsea na Hampstead, kwa kuwa kila duka huuza zaidi kile ambacho majirani zake wamekitoa. Punguzo kubwa la bei huja baada ya Krismasi na katikati ya kiangazi. Kama ulishasikia kwamba mgeni hurudishiwa kodi ya VAT uwanjani, utaratibu huo uliondolewa England, Scotland na Wales mwaka 2021. Bei uliyoiona dukani, ambayo mara nyingi ina VAT ya asilimia 20 ndani yake, ndiyo utakayolipa. Na nyumbani kuna forodha: vitu vipya vingi vya aina moja vitaonekana ni biashara.

Kuna tabia moja ninayotaka kuisemea, ya kuzidisha kila bei kwa shilingi. Kahawa pauni tatu na nusu, unazidisha, unapata zaidi ya shilingi 11,500, unaiacha. Maji pauni moja, unazidisha, unayaacha. Kufika saa kumi jioni hujala, kichwa kinauma, unaingia mgahawa wowote ulio karibu na kulipa pauni 18 kwa sahani moja. Kwa chakula na nauli acha kuzidisha. Pima bei kwa pesa yako ya siku: hii pauni nne ni sehemu gani ya zile 23? Kwa nguo, simu na viatu endelea kuzidisha, tena kwa makini, maana hivyo vinapatikana nyumbani pia na ni haki kulinganisha.

Chakula cha mchana cha bei nafuu kipo kwenye supamaketi, ambako sandwichi, kinywaji na kitafunio huuzwa kwa pamoja kwa bei ya pauni nne hivi. Nyingi kati ya hizo hutoa bei ya chini kwa mwenye kadi ya mteja, kwa hiyo mwombe mwenyeji yake. Aldi na Lidl ndiyo rahisi zaidi kwa kujaza jikoni. Maji ya bomba ni salama, beba chupa yako. Unga wa ugali, mihogo, ndizi za kupika na bamia utavipata kwenye masoko kama Queen's Market kule Upton Park, Ridley Road kule Dalston, na Brixton, ambako wachuuzi huuza matunda na mboga kwa bakuli. Mgahawani, soma bili kabla ya kulipa: sehemu nyingi za London huongeza asilimia 12.5 ya huduma, na hiyo ni ya hiari. Ukiwa hukuridhika na huduma, unaweza kuomba iondolewe.

Usafiri unapangika vizuri kuliko kitu kingine chochote katika mji ule, kwa sababu una ukomo. Basi ni pauni 1.75, na ndani ya saa moja tangu ulipopanda la kwanza unaweza kubadilisha mabasi bila kulipa tena. Ukipanda mabasi tu, siku nzima haitazidi pauni 5.25. Ukichanganya na treni za chini ya ardhi ndani ya kanda ya 1 na ya 2, ukomo wa siku ni pauni 8.90. Kwa hiyo katika zile pauni 23, siku ya basi inakuachia karibu 18 za kula na kutazama. Mabasi hayapokei pesa taslimu tangu Julai 2014. Unagusisha kadi ya benki au ya Oyster, na ukomo hufanya kazi iwapo utatumia kadi ileile siku nzima. Muulize mwenyeji kama ana Oyster iliyolala kwenye droo. Watoto wa chini ya miaka 11 wanaofuatana na mtu mzima hawalipi basi wala treni za chini ya ardhi. Kutoka Heathrow, treni ya kawaida ya Piccadilly itakufikisha katikati ya mji kwa nauli ndogo mara kadhaa kuliko ile ya haraka inayotangazwa kila kona ya uwanja. Kwenda miji mingine, basi la National Express kwa kawaida ni nafuu kuliko treni. Ukipenda treni, nunua tikiti wiki kadhaa kabla, na epuka asubuhi za siku za kazi.

Kama safari yako ni ya Disemba, jua kwamba siku ya Krismasi London haina treni wala mabasi ya mji, na maduka makubwa yamefungwa. Chakula na safari vya siku hiyo vipangwe mapema.

Viingilio havihitaji pesa nyingi kama watu wanavyodhani. British Museum, National Gallery, Natural History Museum, Science Museum na Victoria and Albert Museum huingiwa bila malipo kwa maonyesho yao ya kudumu. Mtu anaweza kujaza siku sita kwa hizo tu. Ndiyo maana nikakwambia uchague mahali pamoja au pawili pa kulipia, pale ambapo usipofika utajuta, na hapo ulipe bila kinyongo.

Sasa namna ya kubeba pesa. Usibebe zote taslimu, wala usitegemee kadi moja. Taslimu za wiki ya kwanza na akiba kidogo zinatosha, nyingine zibaki kwenye akaunti. Nunua pauni nyumbani ukiwa umelinganisha maduka mawili matatu ya kubadilishia fedha: tofauti ya shilingi 70 kwa pauni, kwa pauni 600, ni shilingi 42,000. Usitarajie kubadilisha shilingi London. Pale zinapopokelewa, kiwango chake ni cha kuumiza. Ukipewa noti za zamani na mtu aliyezihifadhi tangu safari yake ya miaka ya nyuma, zitazame: noti za karatasi za pauni 20 na 50 ziliacha kutumika madukani tarehe 30 Septemba 2022, na kinachotumika sasa ni zile za plastiki. Za karatasi hupokelewa na Bank of England, lakini huo ni usumbufu usiouhitaji ukiwa likizo.

Kwa kadi, nenda benki yako kabla ya safari uulize mambo mawili: kama imefunguliwa kutumika nje, na wanakata asilimia ngapi kwa kila malipo ya fedha za kigeni. Wakikata asilimia tatu, kwa matumizi ya pauni 1,000 umewaachia pauni 30, karibu shilingi 99,000. Hiyo iingie kwenye bajeti. Na mashine ikikuuliza kama unataka kulipa kwa pauni au kwa fedha ya nchini kwako, chagua pauni kila mara. Ile nyingine ina kiwango cha kubadilisha alichokipanga mwenye mashine, na ni nadra kikunufaishe. Mashine za kutolea pesa nazo zisome kabla ya kukubali: nyingi za benki na za supamaketi hazina makato yao, zile za vibandani mara nyingi zinayo. Laini ya simu nunua ya kule ya malipo ya kabla. Kuacha laini ya nyumbani ikivuta intaneti siku nzima kunaweza kukumalizia pesa ya wiki.

Lipo la afya, na hili usilifanyie ubahili. Aliyekuja kwa viza ya matembezi hatibiwi bure akilazwa hospitali ya serikali. Hutozwa asilimia 150 ya bei ambayo mfumo wao wa afya hujitoza wenyewe. Huduma ya dharura ya mapokezi haitozwi, lakini bili huanza ukilazwa. Zile pauni 200 za akiba hazifui dafu mbele ya bili kama hiyo. Nunua bima ya safari inayogharamia matibabu, na uwe mkweli kuhusu presha au kisukari ulicho nacho, vinginevyo watakataa kulipa. Dawa unazotumia kila siku beba za wiki tano, pamoja na karatasi ya daktari.

Andika matumizi kila usiku. Daftari dogo linatosha, au simu. Dakika mbili kabla ya kulala: nauli, chakula, kingine. Wanandoa waandike sehemu moja, na wakubaliane tangu Dar es Salaam ni kiasi gani kila mmoja anaweza kutumia bila kumuuliza mwenzake. Ugomvi mwingi wa safarini unatokana na hilo la mwisho.

Wiki ya nne, Jumatatu, fungua mkoba wa zawadi ununue kilichobaki, kisha pima sanduku kwa mizani ya mwenyeji siku mbili kabla ya kuondoka, wala si kwenye foleni ya uwanja wa ndege. Noti zilizobaki rudi nazo, utazibadilisha au utaziweka kwa safari nyingine. Sarafu zimalize kabla ya kupanda ndege: maduka ya kubadilishia fedha ya kwetu hupokea noti tu. Na kabla hujaondoka kwenda, acha nyumbani shilingi za teksi ya kutoka uwanjani, za chakula cha wiki moja na za nauli ya kazini, mahali ambapo hata wewe mwenyewe hutazigusa, kwa sababu utarudi umechoka, wageni watakuja kukupokea, na mshahara bado haujaingia.